Dawa Isiyochoma

Kalunde, mchanganyaji wa dawa katika zahanati ndogo kusini mwa Mutomo, aliwadharau watu wa aina nyingi na hakuwa na haraka ya kuwasamehe. Aliwadharau manesi waliochota marhamu kwa kidole huku kisu cha kuchotea kipo mezani. Aliwadharau wanaume walioilamba ili wajue ladha yake. Lakini waliomshinda kabisa ni wale waliopakwa dawa gotini, wakangoja kidogo wamekunja uso, kisha wakasema, "Mbona haichomi? Hii haijaingia."

"Wewe ukiingia kanisani unavunja ukuta?" aliwauliza. Hakungoja jibu. Alimwita anayefuata.

Ujinga huo ulikuwa na historia yake. Zamani dawa ya maungo iliingia mwilini kwa wembe. Mganga alichanja goti, akasugua unga mweusi penye damu, na mgonjwa akaenda nyumbani akijua ametibiwa. Watu walipookoka, walizikataa chale kwa sauti kubwa mbele ya kanisa lote. Wembe ukawa wa shetani. Imani yenyewe haikutoka, kwamba ngozi ni lazima iumizwe kwanza. Basi wakatafuta kitu ambacho mchungaji hakuwa amekitaja mimbarini, na wakakipata jikoni: gunzi la mahindi. Walijisugua kwa gunzi kavu mpaka ngozi ikawa nyekundu na kutoa maji, wakapaka dawa, wakamshukuru Mungu kwa kuwa hawakuchanjwa.

Bingwa wa gunzi alikuwa Ndululu. Alikuwa ameshindwa kuchunga mbuzi wa baba yake, akashindwa kushona viatu, akaokoka, akapata koti. Siku za soko alisimama karibu na uwanja wa mbuzi na mikebe ya marhamu ya kijivu aliyoiita Penya. Alikuwa akiponda vidonge vya maungo kwa chupa, anavikoroga ndani ya mafuta ya kujipaka, anatia pilipili na petroli kidogo. Ukisugua Penya kati ya vidole ulisikia chembe kama mchanga wa mto. Kalunde aliwahi kuinusa mara moja, akaenda kunawa.

Yeye alikuwa amefundishwa na mfamasia mzee wa Kihindi kule Machakos. Mzee alimwonyesha kwamba unga wa vidonge vile haukubali maji. Ukiutia katika mafuta mazito unakaa tu, na ukiupaka unabaki juu ya ngozi mpaka nguo iufute. Ni lazima uyeyuke kwanza. Kalunde aliuloweka katika spiriti, akautikisa, akachuja kwa kitambaa chokaa iliyobaki ya vidonge, kisha akaichanganya spiriti ile na mafuta ya mbarika, ambayo huipokea bila ugomvi. Mwisho aliponda yote na mafuta laini juu ya kioo mpaka pasisikike chembe hata moja. Dawa iliyoyeyuka hivyo hupita kwenye ngozi nzima, isiyo na kidonda, polepole, bila kelele.

Mwaka wa 1979 kazi hiyo ilimfikia nyumbani. Mama yake, Ndila, alivimba magoti mpaka akawa anakwenda chooni kwa kutambaa. Vidonge vilimsaidia mwezi mmoja, kisha vikamharibu tumbo, akatapika damu. Tabibu alimwambia Kalunde waziwazi, "Akimeza tena, utamzika. Kama unaweza kuipitisha kwenye ngozi, jaribu."

Kalunde alitengeneza mkebe mmoja. Alijipaka mwenyewe mkononi wiki nzima kabla ya kumpa.

"Kiasi cha punje ya kunde," alimwambia mama. "Asubuhi na jioni. Usizidishe."

"Kwa nini nisizidishe?"

"Kwa sababu nimesema, mwaitu," alijibu, akimwita mama kwa Kikamba.

Baada ya wiki mbili Ndila aliweza kusimama kwa kushika mlango. Hakuridhika.

"Inzi akitua gotini ninamsikia," alisema. "Dawa yako siisikii."

"Si umesimama?"

"Nimesimama kwa maombi. Mwenzangu Mbinya amepakwa Penya, amelia kama amezaliwa upya. Hiyo imeingia."

"Mbinya alikuwa akitembea hata kabla hajapakwa!"

"Sasa anatembea amesikia."

Kalunde alicheka kwa pua, akaenda kazini. Hakuona sababu ya kubishana na mtu anayepima dawa kwa machozi.

Siku ya soko, Ndila alipanda mkokoteni wa punda wa jirani akaenda kwa Ndululu. Alisuguliwa kwa gunzi magoti yote mawili. Alipiga kelele mpaka wauza mbuzi wakageuka, na akarudi amefurahi sana. Jioni hiyo, kwa kuwa njia ilikuwa imeshafunguliwa, aliona si vizuri kuiacha dawa ya mtoto wake nje. Alichota nusu ya mkebe wa Kalunde, akaipaka juu ya ngozi ile iliyochubuka, akafunga kwa nailoni isimwagike. Kesho yake akarudia. Mchana alivaa leso ndefu, na Kalunde hakuona kitu.

Siku ya tatu Kalunde alimkuta amelala chini kando ya kitanda, midomo imepauka. Choo chake kilikuwa cheusi kama lami kwa damu ya tumbo. Alipofungua leso aliiona nailoni, akaona magoti, akaelewa yote mara moja.

Tabibu alimlaza siku sita. Siku mbili za kwanza hakuahidi chochote. Kalunde alikaa kwenye benchi akihesabu matone ya chupa ya maji, na kwa kila tone alikuwa na neno la kumwita Ndululu.

Mama alipoanza kunywa uji, Kalunde alikwenda sokoni na maneno hayo yote. Ndululu alikuwa amemshika mzee mmoja goti, gunzi mkononi.

"Muuaji!" Kalunde alisema. "Mama yangu yuko kitandani kwa sababu yako."

Mzee alivuta mguu wake, akaondoka akichechemea. Ndululu aliliweka gunzi chini, akafuta mikono kwenye koti.

"Dada Kalunde, punguza sauti kidogo. Mimi nilimpaka nini?"

"Uchafu. Mchanga na petroli."

"Basi mchanga unaingia wapi?" Akasogea karibu, akanong'ona. "Mimi najua kilichomo ndani ya huu mkebe. Kama hii ingekuwa inaingia, nusu ya Mutomo ningeizika. Yangu inawasha, wanalia, wanakwenda nyumbani. Iliyoingia ni yako."



"Nilimchubua, ndiyo," Ndululu akaendelea. "Nawachubua wote. Ulimwambia asipake yako penye kidonda?"

Watu walikuwa wameanza kusogea kusikiliza. Kalunde alimtazama yule mtu, koti lake lenye mafuta, meno yake ya ugoro, na akamchukia kuliko siku zote, kwa maana alikuwa amesema kweli. Aligeuka akaondoka.

Alimkuta mama ameketi, ameegemea ukuta wa wodi.

"Ngozi nzima inapitisha kidogo kidogo," alianza, bila hata salamu. "Ikichubuka, dawa inamiminika yote ndani ya damu. Inafika tumboni kama uliyoimeza. Nailoni inaisukuma zaidi. Ndiyo sababu nilisema punje ya kunde."

Ndila alimsikiliza mpaka mwisho.

"Hayo ni maneno machache," alisema. "Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani hutaelewa."

"Mimi niliyekuzaa, sijui kuchubuka ni nini?"

Kalunde aliinama akakunja blanketi ambalo tayari lilikuwa limekunjwa.

Ngozi ya magoti ilichukua wiki tano kupona. Kisha Kalunde alianza upya, na safari hii hakumwachia mama mkebe. Kila asubuhi na jioni alimpaka mwenyewe, akikanda kwa kiganja taratibu, akieleza jambo lile lile hata likawa linamchosha. Kukandwa huko Ndila alikusikia vizuri. Hakulalamika tena.

Mvua za Novemba zilipoanza, Ndila alikwenda kanisani kwa fimbo. Wakati wa ushuhuda aliinuka. Alimshukuru Mungu. Alimshukuru tabibu. Akamshukuru, kwa sauti ya kusikika hadi nje, Ndugu Ndululu aliyefungua njia, maana bila yeye dawa ya binti yake ingebaki juu tu.

"Amina!" kanisa likaitikia. Ndululu, benchi la tatu, aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu ambao hakuwa nao.

Kalunde alisaga meno. Mama yake alikuwa amesimama katikati ya kanisa, fimbo ameiacha kwenye benchi, mikono yote miwili juu. Kwa hiyo naye akasema amina.