Baba Alivyomwokoa Mwimbaji Kinango

Katikati ya miaka ya hamsini nilikuwa nikifundisha watoto wa darasa la kwanza pale Msambweni, na bado nilikuwa nikiishi kwa baba yangu, ambaye alikuwa akiuza mbata, nazi zilizokaushwa. Mama alifariki mimi na dada yangu tukiwa wadogo, na baba hakuoa tena. Alijifunza kusuka nywele kwa jirani, akawa akitusuka mwenyewe kila Alhamisi, vidole vyake vikinuka nazi, mpaka tulipokua tukaweza kusukana sisi kwa sisi.

Dada aliolewa bila ridhaa ya baba. Fundi mmoja wa kupasua mbao, mtu wa upande wa Tanganyika, alileta posa. Baba aliikataa kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyejua mlango wala ukoo wa yule kijana. Posa ilirudi, akaikataa tena. Dada akaondoka na fundi wake, wakafungishwa ndoa na kadhi huko Tanga, wakaenda kukaa kijiji kimoja cha pwani, karibu tu baada ya mpaka. Baba hakulia wala hakulaani. Aliacha kumtaja, basi. Watu wakimwuliza, "Wanao hawajambo?" alikuwa akijibu, "Hajambo," kana kwamba alizaa mmoja.

Mambo yalikuwa hivyo lilipokuja kundi moja kutoka Mombasa. Lilikuwa kundi la watu wa kazi mbalimbali waliopenda kuimba opera, yaani mchezo ambao watu huuimba tangu mwanzo hadi mwisho badala ya kusema. Kiongozi wao alikuwa mama wa Kigoa, mwalimu wa piano. Palikuwa na msichana wa Kizungu, muuguzi, mwenye sauti nyembamba inayopanda hata ukaogopa itakatika, na bwana mmoja mnene wa forodhani ambaye sauti yake ilitoka chini kabisa ya kifua. Walikuwa wamechoka kuwaimbia watu wale wale wa mjini waliokuwa na magari na viti vya kukalia. Wakaazima lori, wakapakia piano ndogo, wakavuka Likoni, wakaanza kuzunguka Kwale wakiwaimbia watu bure.

Walihitaji mtu wa kuwaeleza watu hadithi kwa Kiswahili kabla ya nyimbo. Mwalimu mkuu akanitaja mimi.

"Mtoto wa kike hasafiri na watu asiowajua," baba alisema. Nikadhani yamekwisha. Akaongeza, "Nitakwenda nawe."

Safari ya kwanza ilikuwa ya Kinango. Mvua zilikuwa zimekosekana huko, na mahindi yalikuwa yamesimama shambani makavu kama makuti. Tulipokaribia uwanja wa mnada wa mifugo tuliona wanawake wakitukimbilia na mitungi na madebe. Wengine walikuwa wamebeba watoto mgongoni na bado walikimbia. Hatukuelewa mpaka lori liliposimama, wakalizunguka, mmoja akainua turubai na kuona piano.

Walidhani tumeleta maji.

Mama wa Kigoa alipoelezwa hivyo alishika shavu. Baba ndiye aliyeteremka. Akawaamkia kwa Kidigo, na kwa kuwa Kidigo chetu na Kiduruma cha watu wa huko ni ndugu, wakamwelewa na kumwitikia. Akawaomba radhi. Akawaambia hawa ni wageni, hawakuja na maji, wamekuja na nyimbo, lakini hilo pipa dogo la maji ya safari watagawana nao. Wakagawana, kata kwa kata, watoto kwanza. Muuguzi alishika kata mwenyewe mpaka pipa likaisha, ingawa yale ndiyo maji aliyowekewa ya kulainisha koo.

Baada ya hapo hakuna aliyeondoka. Wanawake walikaa juu ya madebe yao, wanaume wakasimama nyuma na fimbo zao za kuchungia, nami nikaanza kusimulia. Palikuwa na tajiri mwenye binti mmoja. Binti akapenda mvuta makasia maskini. Baba yake akamfungia ndani. Binti akatoroka kwa mashua, mashua ikazama, na yule tajiri akabaki na shali ya binti mkononi, akilia.

Bibi mmoja wa mbele alinikatiza kwa upole. "Mjukuu wangu, Kiswahili chako ni kizuri, lakini kinanipita. Mwache huyu mzee atwambie."

Nilimtazama baba. Nilidhani atakataa, kwa sababu hakupenda nyimbo wala mikusanyiko. Alivua kofia, akaivaa tena, akaja kusimama karibu na piano.

Alisimulia taratibu. Mwanzo alinifuata mimi. Binti alipofungiwa, muuguzi aliimba, na wanawake wakaguna kwa huruma. Lakini tulipofika mahali pa shali, nilimsikia baba akiacha njia.

"Baba yule hakurudi nyumbani," alisema. "Aliwaza, mimi nimeona shali, sikuona maiti. Akaanza kutembea ufuoni. Kila aliyekutana naye alimwuliza, umemwona mwanangu? Wengine walimcheka, kwa sababu ni yeye aliyemfukuza kwa ukali wake, na sasa anamtafuta. Akawaacha wacheke. Akaendelea kuuliza."

Bwana wa forodhani, aliyeigiza yule baba, hakujua Kidigo. Alichojua ni kwamba zamu yake imefika. Akasimama na shali, akaimba kilio chake kama kilivyotungwa. Watu wakaelewa kwamba anauliza. Yule bibi wa mbele akainuka.

"Nenda mbele, bwana," alimwambia. "Usikate tamaa."

Na mwingine nyuma yake, "Pita huku. Tulimwona akipita huku."

Yule bwana aliwatazama, akaona wanazungumza naye, macho yakamlowa. Mama wa Kigoa akaurudia muziki, naye akaimba tena tangu mwanzo. Alipomaliza, baba alisema kwa sauti ambayo ilinibidi niinamishe sikio kuisikia, "Akafika kijiji kimoja. Mwanamke aliyekuwa akitwanga akainua kichwa. Alikuwa ni yeye."

Maneno yalipopokezwa hadi nyuma, vigelegele vilipigwa uwanja mzima.

Muuguzi alinivuta kando. Muda wote huo alikuwa amelala nyuma ya piano, juu ya turubai, akijifanya amezama. "Kwa nini wanafurahi?" aliniuliza. "Mimi nimekufa."

"Hukufa," nilimjibu. "Baba yangu amekuokoa."

Nilimweleza. Akamgeukia mama wa Kigoa, akamweleza naye, na yule mama akatazama upande wa baba, ambaye alikuwa akisaidia kufunga piano kwa kamba.

"Msimwambie kitu," yule mama alisema. "Alisimulia vizuri."

Njiani tulisimama ili baba aswali magharibi. Alipomaliza hakuinuka upesi. Nilikuwa nimekaa hatua chache nyuma yake.

"Hawa watu wanakwenda Vanga lini?" aliniuliza.

"Juma lijalo, baba."

"Vanga na kule si mbali."

"Si mbali," nilisema. Sikumwuliza kule ni wapi.

Alimtuma mchuuzi wa samaki ampelekee dada salamu ng'ambo ya mpaka, na habari kwamba tunakuja Vanga. Njia ya Vanga, mji wa mpakani, ilikuwa mbaya, tukashuka mara nyingi kusukuma lori, na baba alisukuma pamoja na vijana akiwa amejifunga kiunoni kifurushi cha nguo mpya, doti ya leso aliyoichagua mwenyewe. Tulipofika, dada alikuwa amekwisha kufika. Alikuwa amekaa kibarazani kwa wenyeji, ana mtoto wa kike mapajani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Mtoto akamtazama mgeni, kisha akamtazama mama yake.

"Umekonda," baba alisema.

"Sikukonda, baba. Ni siku nyingi hujaniona."

Baba akaitika kwa kichwa. Akamnyoshea leso kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa posa. Ndipo dada alipoanza kulia, na baba akamchukua mtoto ili asiogope.

Yule fundi wa mbao alikuwa amesimama mbali, karibu na mikoko, kofia mkononi.

"Mwambie mumeo aje kivulini," baba alisema. "Jua linamuunguza bure."

Alipokuja, baba alimpa mkono na kumwuliza hali ya kazi yake. Wakaanza kuzungumza juu ya mvule na bei ya misumeno, kwa uangalifu, kama watu wanaopita kwenye utelezi.

Alasiri mama wa Kigoa alikuja kumwomba baba asimulie. Mjukuu alikuwa amelala begani kwa baba.

"Leo atasimulia mwanangu," alisema, akanigeukia. "Simulia kama walivyoitunga wenyewe. Wametoka mbali."

Nikasimulia hivyo. Binti akazama, na watu wa Vanga, wanaojua bahari inavyochukua, wakakaa kimya mpaka bwana wa forodhani alipoteremsha shali. Dada alisikiliza kutoka upande wa wanawake, leso mpya mabegani. Baada ya hapo dada na mumewe wakarudi kwao kwa mashua maji yalipojaa, na sisi tukalala Vanga.

Lile kundi lilizunguka miaka michache, kisha watu wake wakatawanyika. Muuguzi alirudi kwao. Mama wa Kigoa aliendelea kufundisha piano, nami nilikuwa nikimtembelea nikienda Mombasa. Baba alizoea kwenda ng'ambo kila baada ya Ramadhani, na uzeeni, mbata ilipomshinda, alikwenda akakaa huko moja kwa moja. Alifia huko. Nilipowasili walikuwa wamekwisha kumsitiri kaburini. Dada aliniambia kwamba aliyemwosha ni mume wake, na kwamba baba mwenyewe ndiye aliyeusia hivyo.