Kijiko Kimoja cha Bi Somoe

Jamani, leo nacheka, lakini kwa miezi mitatu mtu akitaja Kitomanga nilikuwa nabadilisha mazungumzo kwa aibu.

Kaka yangu alifariki akamwacha Hamisi, mwanawe wa pekee, na Hamisi alipotaka kuoa ikabidi mimi, baba yake mdogo, nipeleke barua ya posa, mimi ambaye hata kwenye kikao cha wazazi shuleni sijawahi kunyoosha mkono. Usingizi ukanihama. Nikawa nawaza, wakikataa, mtoto wa marehemu kakosa mke kwa sababu aliyebaki kumsemea ni mimi. Nikaenda kwa Bi Somoe, muuza dawa za mizizi pale Nangurukuru, akanipa chupa ya dawa ya mawazo.

"Kijiko kimoja, mwanangu, usiku, ukishakula," akasema. "Na ukishakunywa usiende popote."

Basi usiku nikasahau (nilikuwa nafanya mazoezi ya salamu mbele ya kioo), asubuhi nikaona nifidie, nikapiga nusu chupa, tumbo tupu, chungu hiyo we acha tu, nikapanda gari na jirani yangu Saidi kwenda Kitomanga, kwa kina binti.

Tukapokelewa vizuri, shikamoo, marahaba, tukakaa mkekani, na moyo wangu umetulia kweli kweli. Baba wa binti, Mzee Nassoro, akauliza, "Haya wageni wetu, mna lipi?" Nikashika barua, imefungwa kwenye leso, nikafungua mdomo. Baada ya hapo nasimuliwa tu.

Nililala. Nilimlalia Mzee Nassoro begani, nikakoroma, barua nimeikumbatia. Saidi akanitikisa, wapi. Akataka aitoe yeye, wazee wakakataa, barua inatolewa na mshenga mwenyewe kwa mkono wake, basi wakanilaza mkekani, bibi wa binti akanifunika khanga mwili mzima, watu wazima wakakaa kuningoja kama wanangoja wali uive.

Sasa Hamisi, ambaye hakutakiwa kabisa kuonekana pale siku ile, alikuwa kajificha stendi (alikataa kubaki nyumbani), ananipigia, simu inalia mfukoni mwangu weee, haipokelewi. Akajua keshakataliwa. Akaja mbio, akaingia kwa watu bila hodi, akaona ile khanga, akadhani nimekufa. Akaniangukia analia.

"Baba mdogo, na wewe? Na wewe unaniacha?"

Kilio hicho ndicho kilichoniamsha. Nikakurupuka, nikamkabidhi barua Hamisi mwenyewe, nikasema kwa sauti yangu yote, "Tumekuja kwa heshima!"

Wanawake walicheka mpaka wakashikana. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Mzee Nassoro hakucheka, alikuwa anajifuta udenda wangu begani.

"Nilitaka kuuliza," akasema, "kijana huyu baba hana, akikwama ana nani. Sina haja tena." Akaichukua barua.

Usingizi umerudi, ila sijui nishukuru mizizi au kile kilio, maana tangu siku ile Hamisi ananiita baba, ule udogo kautupa hukohuko Kitomanga. Chupa iliyobaki mke wangu kaifunga kijiko shingoni kwa uzi, na mimi nimeapa, dawa ya mtu nitaipima. Kwa wakwe siku hizi naenda bila wasiwasi, lakini nakaa mbali na bega la Mzee Nassoro.