Siku Bwawa la Mindu Lilipokupwa

Dada yangu Asteria yuko hai, anauza mboga Mafiga, na asiyeniamini akamwulize. Haya yalinipata mimi mwenyewe, asubuhi kweupe, nikiwa sijagusa hata tone la pombe.

Wakati ule nilifanya kazi pwani. Niliwatembeza wageni baharini kwenye maji ya magotini, wakivua kwa ndoano iliyofungwa manyoya ya kuku ili samaki adhani ni dagaa. Unamwona samaki kwanza, unamnyemelea, ndipo unarusha. Nilipokuja likizo Morogoro nikabeba fimbo yangu moja ya kuvulia, nikamwambia Asteria twende Bwawa la Mindu nikamvulie perege.

Yeye alikaa ukingoni akichambua mchicha. Ukungu ulikuwa umeteremka kutoka Uluguru mpaka juu ya maji. Niliingia hatua chache, maji yakanifika magotini, mara yakaanza kupungua. Niamini, yalikupwa kama bahari! Mimi niliyekaa pwani miaka sita nitakosea hilo? Yakashuka hadi kwenye vifundo, na mchanga mweupe ukatandaa mbele yangu hadi upeo wa macho. Mindu kuna mchanga mweupe wapi? Kule ni tope tupu. Nikachovya kidole, nikaonja. Chumvi.

Ungekimbia, sivyo? Mimi sikukimbia. Kulikuwa kuzuri mno. Mwanga ulitokea chini ya maji, na kimya kilikuwa kizito hata nikavua kofia kama niko kanisani. Halafu nikaona mkia wa kolekole umechomoza kama mundu. Kolekole, samaki wa bahari, Morogoro! Nikarusha. Akameza.

Mshipi ulipiga kelele, ukanichana vidole, nami nikamfuata huku nacheka.

Ndipo nikamwona mama mmoja wa makamo mbele yangu, amejifunga kaniki. Miguu yake ilikuwa ndani ya maji, na maji hayakutikisika hata kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwachie huyo, anarudi kwao."

"Mama, samaki kama huyu sijawahi kumpata."

"Najua. Ndiyo maana watu huwa wanamfuata." Akanitazama kwa huruma. "Lakini wewe kuna mtu anakuita. Hebu sikiliza."

Nikasikiliza. Mbali kabisa, kama redio ya jirani, Asteria alikuwa analia akitaja jina langu. Na bado mkono wangu ulikataa kuachia. Mungu anisamehe, kwa muda ule nilimtaka yule samaki kuliko dada yangu. Nikachomoa kisu, machozi yananitoka, nikakata mshipi.

Papo hapo maji yalinifika kidevuni. Ya baridi, ya tope, yamejaa magugu. Asteria, asiyejua kuogelea, alikuwa ameingia hadi kifuani, ananirushia ncha ya kitenge chake. Ndicho alichonivutia hadi ukingoni.

Yeye hakuona mchanga wala mama yeyote. Aliniona mimi tu, ninatembea kuelekea kilindini huku nacheka. Lakini suruali yangu ilipokauka ilikuwa na chumvi nyeupe hadi magotini, na aliyeifua ni yeye mwenyewe.

Pwani sikurudi tena. Sasa nalima kabichi Mgeta. Na kinachonisumbua si woga, ni hamu. Kuna asubuhi naamka nikiutamani ule mchanga, ndipo naogopa.

Kwa hiyo wewe unayevua Mindu, usiende peke yako. Na mwenzako akikuita, geuka mara ya kwanza.