Sista Aliyenusa Miguu

Harufu ya dawa ya kuchua ikinifikia popote, hata kanisani mzee fulani anapofungua kikopo chake katikati ya mahubiri, kidole gumba cha mguu wangu wa kushoto hujikunja chenyewe ndani ya kiatu. Usicheke. Kidole hicho hakijamwamini mtu tangu nilipokuwa darasa la tatu.

Sisi ni watu wa Tawa. Nilivunjika mguu nilipoanguka kutoka kwa punda niliyekatazwa kumpanda, nikatua juu ya mawe ya mtaro wa shamba letu. Hospitalini nilifungwa plasta kutoka pajani hadi kwenye wayo, vidole tu vikabaki nje. Mama alikuwa na mtoto mchanga nyumbani, kwa hivyo aliyebaki nami ni Susu, ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kikamba. Alibaki kunilinda. Sisemi kuniuguza, maana Susu aliingia wodini akiwa tayari anatafuta adui.

Adui akaja asubuhi: sista wa wodi, muuguzi mrefu mwenye viatu visivyotoa sauti, mtu wa Ikutha. Susu, kama wazee wengi wa upande wetu, aliamini kwamba watu wa huko, ng'ambo ya mto Athi, wanajua dawa nyingi za uchawi kuliko wanazozisema. Sista huyo hata hakuuliza nimelalaje. Alibonyeza ukucha wa kidole changu gumba ukawa mweupe, akautazama ukirudi rangi yake. Halafu akainama, akainusa plasta yangu kutoka juu hadi chini, jinsi mtu anavyonusa maziwa kabla ya kuyatia kwenye chai. Akaenda zake kimya.

"Ananusa nini?" Susu akaniuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyesomea.

Jibu tulijipatia wenyewe. Kitanda cha pili alilazwa mama mmoja muuza mboga aliyepondwa mguu na gari. Sista alinusa bendeji yake, akakunja uso, akatoka haraka. Daktari akaja, mama akasukumwa nje juu ya kitanda chake. Aliporudi, blanketi lilikuwa limelala bapa mahali mguu ulipokuwa. Susu alisogeza kiti, akaninong'oneza, "Umeona? Anachagua na pua."

Nilimwamini kabisa. Kila kitu kilikubaliana na maneno yake, hata vile viatu visivyotoa sauti.

Jioni hiyo Susu alitoa kikopo kwenye kanga yake, akaipaka plasta dawa ya kuchua mpaka wodi nzima ikapiga chafya. Kisha akanivika soksi nzito ya babu, vidole vikafichika. "Wacha anuse hiyo," akasema, akaridhika.

Shida ni kwamba vidole vyenyewe vilikuwa vimeanza kuchoma. Plasta ilinibana kana kwamba mguu ulikuwa ukinenepa ndani yake. Kulipokucha, kidole kimoja kilikuwa kimekufa ganzi ndani ya soksi, kama cha mtu mwingine. Susu aliniona nikiuma blanketi, akaniombea kwa sauti ya chini, lakini hakumwita mtu. Kumwita mtu kungekuwa kuupeleka mguu kukatwa.

Sista alipofika alisimama ghafla. "Nani amepaka hii?"

"Ni baridi, sista. Mtoto alikuwa na homa."

"Toa soksi."

"Usimsumbue. Amelala."

Macho yangu yalikuwa wazi kama ya kuku. Sista akamtazama Susu jinsi Susu alivyokuwa akimtazama yeye tangu tulipofika, kisha akaivua soksi mwenyewe. Vidole vilikuwa vimevimba, vinang'aa. Akabonyeza ukucha ukawa mweupe, na ukabaki mweupe. Alipokinyoosha kidole changu nililia. Kwa mara ya kwanza akapaza sauti, akaita msumeno wa plasta.

Susu alijitupa juu ya mguu wangu. "Anza na wangu," akasema. "Umezeeka, lakini bado unatembea."

Sista akauchukua mkono wa Susu, akauweka kwenye vidole vyangu. "Shika hapa, mama. Ni moto ama ni baridi?"

"Ni baridi."

"Damu haipiti. Nakata hii plasta, ndio mguu ibaki."

Msumeno ulipiga kelele za kutisha, plasta ikapasuliwa pande zote mbili, na damu ikarudi na maumivu yake. Susu hakuviacha vidole vyangu mpaka vikapata joto.

Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba plasta mpya inaweza kuziba damu, na kwamba kidonda kinachooza chini ya bendeji hujulikana kwa harufu kabla ya kuonekana. Pua ile ilikuwa ikitafuta mguu wa kuwahiwa. Wa yule mama haukuwahiwa. Lakini hakuna aliyetuambia, na ukimya ule karibu uondoke na mguu wangu.

Mwaka jana Susu aliteleza nje ya jikoni akavunjika kifundo cha mguu, akafungwa plasta. Asubuhi ya kwanza nilibonyeza kucha zake, nikainama kunusa. Akauvuta mguu chini ya blanketi, macho yamekuwa membamba.

"Siku hizi wewe ni mtu wa Ikutha?"

Kisha akautoa mguu mwenyewe.

"Haya, nusa. Lakini usinyamaze kama yule. Niambie unasikia nini."

Nikamwambia: sabuni, moshi, na dawa ya kuchua.