Mafundo Manne na Maji ya Alfajiri

Mwaka ule wa vita vya Maji Maji, kupeana miadi na mtu wa mbali kulitaka hesabu. Dada yangu alikuwa ameolewa milimani, kusini ya Ngarambe, nasi tulikaa huku delta. Watu wa milimani hupanga siku yao kwa jua, maana jua ndilo linalowaita shambani. Sisi tunapanga kwa maji: yakijaa tunatoka, yakipwa tunakaa. Mtu akikwambia mkutane adhuhuri, huku kwetu bado hajasema kitu.

Muuza chumvi wa kijijini kwetu ndiye aliyetuletea kamba ya ukindu. Dada aliipiga mafundo saba, akabaki na nyingine kama hiyo, ili kila asubuhi lifunguliwe fundo moja huku na moja kule. Matatu muuza chumvi alikwisha kuyafungua njiani. Ujumbe wa mdomo ulikuwa mfupi. Askari wa Wajerumani walikuwa wamechoma maghala, mumewe hakurudi kutoka vitani, na siku ya fundo la mwisho, jua likiwa utosini, dada angefika na mwanawe pale kijito chetu kinapoishia. Tusipokuwepo, hakuwa na pa kurudi.

Mama hakuwahi kusoma, na saa aliiona mara moja tu, kifuani kwa Mhindi wa duka. Alihesabu kwa vidole, midomo ikimchezacheza. Mwezi ungeandama keshokutwa, kwa hiyo fundo la mwisho lingeangukia mwezi pili. Mwezi pili ni bamvua: maji hujaa alfajiri, hujaa tena alasiri jua likishapinda, na adhuhuri kijito chote ni tope.

Mimi nilikasirika. Nilisema miaka sita ya kupalilia mtama imemsahaulisha dada maji aliyozaliwa nayo. Nikashauri twende na maji ya alasiri. Subira huvuta heri, basi mwacheni naye avute kidogo. Mama alinitazama kama nilivyostahili kutazamwa. Akasema tutaingia na maji ya alfajiri na wa kungoja tutakuwa sisi. Nikamwambia mtumbwi utakwama juu ya tope mpaka jioni. Akajibu kwamba tope haliumi.

Basi tukaingia alfajiri, mimi na upondo, mama mbele akiinamia matawi. Tuliusukuma mtumbwi ndani kabisa ya mikoko, maji yakatutoka taratibu, tukabaki tumekaa kwenye tope na mbu wetu. Nilinung'unika asubuhi nzima. Mama alikuwa akitafuna muhogo mkavu na kutazama kivuli cha mkoko kikifupika.

Kivuli kilipoishia kwenye shina, dada akatokea. Alikuwa amekonda hata nikamtambua kwa mwendo tu. Tulimvuta yeye na mtoto, tope mpaka magotini, tukawalaza ndani ya mtumbwi na kuwafunika kwa majani.

Askari walifika kabla ya alasiri. Tuliwasikia wakisema, tukasikia mmoja akikojoa ukingoni pale pale dada aliposimama. Mama alikuwa ameweka kiganja juu ya mdomo wa mjukuu wake, polepole, kama anayempangusa. Wakaondoka. Maji yakaja kwa wakati ambao mama alisema yangekuja, mtumbwi ukanyanyuka, nikaushika upondo. Nilimpenda mama yangu siku ile kwa namna ambayo sikuwa nimempenda kabla.

Tulipotokea mto mkubwa nilimwuliza dada kwa nini alichagua adhuhuri. Akasema saa hiyo askari huwa wanakula na njia haina mtu.

"Nilijua kijito kikavu," akasema. "Nikajua mama atapiga hesabu."

Nikaona nimwambie ukweli, kwamba mimi nilitaka tuje na maji ya alasiri. Hakukasirika. Alimvuta mwanawe kifuani.

"Na mama angekuwa hayupo, mdogo wangu?"

Mwezi uliofuata ulipoandama nilimfuata mama ufukoni, nikamwomba anifundishe kuhesabu maji.