Nyasi za Izigo Kwenye Paking

Mimi ni dereva wa teksi Bukoba. Watu wanadhani dereva anachoka kwa kuendesha. Hapana bwana, anachoka kwa kusubiri. Nimesubiri abiria mpaka mgongo umechukua umbo la kiti. Nikisimama, mke wangu ananiuliza nimeangusha nini. Shule niliishia kidato cha pili, kwa hiyo hata huku kuchoka sikusomea, nimejifunzia kazini.

Mama yangu yupo Izigo. Alipoanza kliniki ya presha huku mjini, mambo yakawa hivi: asubuhi anapimwa, anaambiwa arudi mchana kuchukua majibu na dawa. Hapo katikati ndipo penye shughuli. Benchi za hospitali zimejaa. Mgahawani ukikaa bila kuagiza unaangaliwa kama umekuja kuiba vijiko. Chumba changu kipo Nshambya, lakini gari inaishia chini, na kile kipande cha kupanda kwa miguu magoti yake hayakitaki kabisa. Basi alikuwa anakaa kwenye teksi yangu, pale kijiweni karibu na soko, anaiva taratibu kama ndizi za pombe zilizofukiwa shimoni. Akija mteja, namshusha. Ndiyo, mama yangu mzazi namshusha, anajibanza kwenye kivuli cha nguzo ya umeme mpaka nirudi.

Siku moja nimerudi nikamkuta amekaa kwenye ukingo wa mtaro, viatu mkononi.

"Mwanangu, hii dawa naacha."

"Utaachaje dawa, mae?"

"Dawa sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni huu mji wenu. Mji gani mtu mzima hana pa kuweka makalio? Kama ni kufa, nitafia kwangu nimekaa."

Pale nilicheka, maana kijiweni kuchekesha ndiyo cheo changu. Lakini njia nzima ya kumrudisha Izigo utani ulinikauka. Mama huwa hatishii. Akisema anaacha, ameacha.

Haukupita muda wakaja vijana fulani wamesoma, wamevaa fulana zinazofanana. Wanaomba nafasi tatu za paking kwa siku moja tu, Alhamisi. Wanataka kuweka bustani: maua kwenye ndoo, turubai, mahali pa watu kukaa bure, jioni wanaondoa.

Kijiwe kikawaka. Yule mzee wetu tunayemwita Mwenyekiti, kwa sababu ndiye mwenye kiti peke yake pale, akasema, "Na gari zikae wapi, kichwani kwako? Watu wapumzike wamefanya nini? Mimi nafanya kazi miaka yote hii sijapumzika."

"Mzee, wewe umelala tangu asubuhi," nikamwambia.

"Nilikuwa nafikiri."

Nikawaambia wale vijana yangu wachukue. Wenzangu wakanizomea kwamba najipendekeza kwa wasomi. Lakini Alhamisi ile ilikuwa siku ya mama ya kliniki. Nafasi nyingine mbili tulizipata kwa kuwasumbua wenyewe mpaka wakachoka, na kuchoka pale hakuchelewi.

Jumatano zulia lao la nyasi za plastiki likakwama Mwanza. Mdomo wangu, ambao huwa hauniombi ruhusa, ukasema, "Nyasi? Mimi naenda Izigo sasa hivi, nitaleta."

Nilikuwa naenda kumbembeleza mama. Nilipofika sikuthubutu hata kutaja hospitali. Nikasema nimefuata nyasi za kutandika, zile tunazotandaza chini kwenye shughuli.

"Nani anaoa?"

"Hakuna. Tunatandika barabarani, watu wakae."

Akaniangalia kama anatafuta homa. Halafu akaingia ndani akatoka na mundu. "Wewe utakata za ng'ombe," akasema. "Na kutandika mtakosea. Nakuja mwenyewe."

Hivyo ndivyo alivyopanda gari kesho yake. Presha hakuitaja, na mimi niliendesha kama nimebeba mayai.

Alitandika kama anavyotandika sebuleni kwake siku ya wageni, shina upande mmoja, ncha upande mmoja, lami ikapotea. Pale pakanukia nyumbani. Akaamuru wote wavue viatu. Nikampitisha kliniki haraka, hakubisha, akarudi, akakaa katikati, akanyoosha miguu, kimya.

Hapo ndipo tulipokosea. Mhaya ukimwonyesha turubai, nyasi zimetandikwa, na mama mtu mzima amekaa chini bila viatu haongei, humwambii kitu. Kuna msiba.

Wa kwanza alikuwa mama mmoja wa sokoni. Akatua mkungu wake, akavua ndala, akapiga magoti, akamshika mama mikono. "Pole, waitu. Aliumwa?"

"Nani?"

"Marehemu."

Mwenye duka la vitambaa ng'ambo akafunga mlango nusu, akaja na kofia yake. "Inna lillahi. Poleni sana. Mazishi saa ngapi?" Mwenyekiti naye akaninong'oneza, macho yamelowa, "Ungesema mapema kama umefiwa. Tungekubishia paking sisi?"

"Hakuna aliyekufa," mama akasema. "Kaeni tu."

Yule wa mkungu akaduwaa. "Sasa tunakaa kwa ajili ya nini?"

"Kwa ajili ya miguu."

Akafikiria kidogo, akakaa. Hakuna aliyeondoka. Mama akafungua pindo la kanga, akawagawia kahawa za kutafuna. Nilijilaza pembeni kidogo tu, na naambiwa nilikoroma hadi mwenye duka akauliza kama mimi ndiye marehemu.

Mchana majibu yakatoka, dawa akachukua. Jioni nyasi zikafagiwa, gari zikarudi. Mama hakusema kama atakuja tena.

Mwezi uliofuata niliendesha hadi Izigo nimejiandaa kurudi peke yangu. Nikamkuta yupo barabarani, kabana kitita cha nyasi kwapani.

"Za nini tena, mae?"

"Za kwangu. Hao vijana wako hawaji kila mwezi."

Nikaiacha gari mbali, kule kwa wauza samaki. Kwenye ile nafasi yangu mama akatandika kipande cha ukubwa wa mkeka mmoja hivi, kati ya gari mbili. Mwenyekiti akapaza sauti, "Leo nani tena?"

"Hakuna, mzee. Miguu."

Akatazama kiti chake, akatazama nyasi, akaanza kufungua kamba za viatu.

Mteja akaja kuniuliza gari yangu iko wapi. Nikamwonyesha kule. Akaona mbali, akachukua ya mwenzangu. Nilitaka kumkimbilia, lakini viatu nilikuwa nimeshavua.