Mafuta ya Simsim ya Pascal

Nakumbuka Jumapili moja ya baridi kali, miaka ya tisini, nilipokwenda Richmond Hill kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu Wanjiru nikiwa nimevimba uso kama andazi. Usicheke bado, mwanangu. Nakusimulia kwa sababu jana nimekuona ukijipaka krimu ya rafiki yako.

Nilikuwa mgeni ughaibuni, naishi mtaa wa Parkdale, chumba kimoja na Pascal, kijana wa Bukavu. Baridi ilipoingia, ngozi yake ilipasuka ikatoa magamba. Akashuka ghorofa ya chini kwa Mama Jaya, Mhindi mzaliwa wa Kisumu aliyerithi Ayurveda, tiba ya jadi ya Kihindi, kwa nyanya yake. Mama akamtazama ulimi, akamshika mshipa wa mkono, akamuuliza kama analala vizuri na kama tumbo humjaa gesi. Bila haya! Akamwambia mwili wake ni vata, wa upepo, na watu wa upepo hukauka ngozi. Akampa mafuta ya simsim ajipake yakiwa vuguvugu, na tangawizi ya kunywa. Baada ya wiki mbili Pascal alikuwa aking'aa kama kiatu cha askari.

Mimi nami nilikuwa nawashwa shingo na mashavu. Lakini mimi, msomi wa chuo kikuu, nikamtolee jirani ulimi? Nikangoja Pascal aende kiwandani, nikapasha moto mafuta yake, nikajipaka siku tatu, na tangawizi nikanywa birika zima. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Yangu haikusitiri hata uso.

Jumapili ile mama yake Wanjiru, ambaye ni muuguzi, alifungua mlango, akarudi nyuma hatua mbili. "Usinipe mkono," akasema. "Keti hapo hapo." Nikaketi juu ya sanduku la viatu, koti mwilini, nikinuka simsim. Mumewe akanitazama kutoka sebuleni. "Kijana, rudi ukipona. Usipopona, usirudi." Wanjiru akalia. Nami nilitamani kulia, ila machozi yangeniwasha.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Jaya. Hakungoja nieleze, alinusa tu.

"Pascal iko upepo," akasema. "Wewe iko pitta, iko moto. Moto ndani, halafu wewe napaka mafuta ya moto juu. Nataka kuwa bhajia?"

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na kweli hakunipa. Alinipa mafuta ya nazi, akanikataza pilipili na tangawizi, kisha akaniamuru niende kwa daktari kesho yake. Daktari naye akanipa dawa yake. Kipi kiliniponya sijui mpaka leo, na Mama Jaya hakutaka mjadala.

Baada ya mwezi nikarudi Richmond Hill. Muuguzi yule alinigeuza uso huku na huku kwenye mwanga wa dirisha. "Kumbe ana sura," akamwambia mumewe. Ndiye nyanya yako huyo, na mpaka leo hunikagua mashavu kabla ya kunisalimu.

Basi shika hili, mwanangu: miili yetu haikufinyangwa kwa udongo mmoja. Kinachomponya mwenzio chaweza kukuunguza wewe. Usione haya kutoa ulimi mbele ya anayejua. Kuuliza si ujinga, ujinga ni kuiba jibu la mwingine. Mrudishie rafiki yako kopo lake leo hii. Mungu akulinde, akupe ngozi tulivu, na siku ukienda kwa wakwe, wakupe mkono.